Sifuri na Nafasi Tupu: Maisha ya Edgar Codd

Nianze kwa kuungama. Likizo iliyopita, wakati wa mazoezi ya kufundisha (TP kama tunavyoyaita wenyewe), nilimpa mwanafunzi sifuri ambayo hakuipata. Sikumpa kwa chuki wala kwa kusahihisha vibaya. Nilimpa saa tano usiku, nikiwa nimechoka, kwa kubonyeza tarakimu moja kwenye kibodi. Kosa hilo ndilo lililonifanya nimtafute mtu ambaye wengi wetu hapa chuoni tunatumia kazi yake kila siku bila kumjua hata jina: Edgar Frank Codd, aliyewaza kwamba taarifa za kompyuta zikae katika majedwali yenye mistari na safu.

Kwanza niwaeleze ilivyokuwa. Kwetu ni Chidya, wilaya ya Masasi, penye ile shule kongwe ya wavulana iliyoanzishwa na wamisionari wa Kianglikana. Shule niliyopangiwa mimi haikuwa hiyo. Ilikuwa kwingine hukohuko kusini, na jina lake sitalitaja, maana kosa lilikuwa langu peke yangu. Mimi nasoma ualimu wa Hisabati na TEHAMA, na kijana wa TEHAMA akifika kijijini na laptopu huwa anajiona daktari bingwa. Nikakuta mwalimu wa taaluma anaandika matokeo kwenye daftari kubwa la mistari, anajumlisha kwa kikokotoo, anapanga nafasi kwa penseli. Nikamwambia mwalimu, hiyo kazi niachie.

Nikatengeneza mfumo mdogo kwa Django. Kwa wasioijua, Django ni fremuweki ya kujengea tovuti: unaeleza kwa maneno machache kwamba unataka jedwali la wanafunzi lenye jina, kidato na alama, nayo inakutengenezea jedwali hilo kwenye kanzidata. Nikaingiza matokeo ya mtihani wa Juni kutoka kwenye daftari. Wastani ukatoka, nafasi zikatoka, walimu wakafurahi. Mwishoni mwa Agosti mwalimu wa taaluma akaja na ombi dogo tu. Kulikuwa na jaribio la darasani, naye alitaka liongezwe kwenye ripoti, wastani uhesabiwe kwa alama zote mbili. Yaani safu moja mpya.

Nikafungua programu usiku ule, nikaongeza safu ya jaribio, nikaiambia Django iandae migresheni. Ikasimama, ikaniuliza swali. Ilisema safu hii mpya hairuhusiwi kuwa tupu, lakini jedwali tayari lina mistari ya zamani, sasa kwenye mistari hiyo tuweke nini? Mimi nikaandika 0, nikabonyeza, nikalala. Kesho yake mwalimu akaingiza alama za waliofanya jaribio. Wasiofanya, hakuna aliyewagusa. Wakabaki na sifuri yangu.

Kikao cha wazazi kilikuwa Septemba. Wanafunzi walioshuka sana walisomwa majina, na mmoja wao alikuwa kijana wa kidato cha pili ambaye Juni alikuwa katika kumi bora. Bibi yake, anayemlea, alikuwa amekaa benchi la mbele amejifunga kanga, anatazama chini. Baada ya kikao nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba mwalimu, kisha akaniambia kwa sauti ya chini kwamba wiki zile mbili za Agosti alikuwa amelazwa, na mjukuu wake ndiye aliyelala sakafuni wodini akimhudumia. Hakuwa akilalamika. Alikuwa akimwombea mjukuu msamaha kwa kuporomoka kwake. Kwa kweli nilitamani ardhi ipasuke. Kijana hakuporomoka. Kijana hakuwepo.

Wikiendi ile nikaenda nyumbani Chidya nikiwa sina raha. Kwa bando la mia tano tano nikaanza kusoma, nikitaka kujua ni nani aliyeleta hii habari ya safu na mistari, na kama aliwahi kufikiria kuhusu mtoto ambaye hakuwepo darasani. Nikagundua kwamba alifikiria sana. Aligombana na watu kwa ajili ya jambo hilohilo.

Edgar Codd, ambaye wenzake walimwita Ted, alizaliwa tarehe 19 Agosti 1923 katika kisiwa cha Portland, pwani ya kusini ya Uingereza. Alikuwa wa mwisho katika watoto saba. Baba yake alikuwa mtengenezaji wa bidhaa za ngozi, mama yake mwalimu wa shule. Alisoma Poole, kisha akaenda Oxford kusoma hisabati na kemia. Vita Kuu ya Pili ilipopamba moto angeweza kubaki darasani, kwa kuwa wanafunzi wa masomo yake waliruhusiwa kuahirisha jeshi. Yeye akajitolea. Akawa rubani katika Jeshi la Anga la Uingereza, akirusha ndege kubwa za kutua majini zilizolinda pwani na misafara ya meli. Vita ilipokwisha akarudi Oxford kumaliza shahada yake, na mwaka 1948 akavuka bahari kwenda Marekani.

Huko New York akaajiriwa na kampuni ya IBM kama mwanahisabati wa kuandika programu. Tukumbuke kompyuta za wakati ule. Ile aliyoanza nayo ilijaza ukumbi mzima, na haikuwa na kioo wala kibodi kama tunavyojua sisi. Alikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu, yuko kwenye kazi ambayo dunia nzima walioifanya walikuwa wachache mno. Lakini mwaka 1953 akaiacha, akahamia Ottawa, Kanada. Sababu ilikuwa ya kisiasa. Wakati ule Seneta Joseph McCarthy alikuwa akiwaandama watu kwa tuhuma za ukomunisti, wengi wakapoteza kazi na heshima zao bila ushahidi, na Codd hakutaka kuishi katika hali hiyo. Alirudi Marekani mwaka 1957, McCarthy akiwa amekwisha kuanguka.

Hapa kuna jambo la kututia moyo sisi tunaoona miaka inakwenda. Codd alikuwa amekaribia miaka arobaini alipoamua kurudi shule. Alikwenda Chuo Kikuu cha Michigan, akasoma kwa ufadhili wa kampuni yake, akapata shahada ya uzamivu mwaka 1965, akiwa na miaka arobaini na kitu. Utafiti wake ulihusu mashine za kufikirika zinazoweza kujinakili zenyewe, jambo ambalo halikuwa na uhusiano wowote na kanzidata. Kisha akahamia maabara ya IBM huko San Jose, California, na hapo ndipo alipokutana na tatizo lililompa jina.

Tatizo lenyewe nililielewa vizuri siku nilipokwenda nyumbani kwa yule bibi kumpelekea ripoti iliyosahihishwa. Nitarudi kwenye hiyo ripoti. Kwa sasa sikiliza njia. Niliambiwa nifuate barabara ya mchanga hadi mwembe mkubwa, nikate kushoto, nipite mikorosho ya mzee mmoja, nikifika kisimani nipande juu, nyumba ya tatu. Nikaenda. Mwembe sikuuona. Kumbe ulikatwa mwaka huo, limebaki gogo limefunikwa na majani. Nikazunguka katika mikorosho hadi jasho likaisha. Mwishowe nikakutana na mtoto anaswaga mbuzi, nikamtajia jina la bibi. Akanipeleka moja kwa moja.

Kanzidata za miaka ya 1960 zilikuwa za mwembe. Taarifa zilipangwa kama mti au kama mtandao wa njia, na mwandishi wa programu alitakiwa kujua njia yote: anzia kwa kiwanda, shuka kwa idara, shuka kwa mfanyakazi, fuata kiungo hiki, rudi juu. IBM yenyewe ilikuwa na mfumo mkubwa wa aina hiyo ulioitwa IMS, uliozaliwa katika kazi ya vyombo vya Apollo vilivyokwenda mwezini, na ulikuwa ukiiletea kampuni fedha nyingi. Ulifanya kazi vizuri sana mradi mwembe haujakatwa. Siku shirika likitaka kupanga upya taarifa zake, au kuongeza kitu ambacho hakikufikiriwa mwanzoni, programu zilizotegemea njia ya zamani zilipotea kama nilivyopotea mimi, na watu walitumia miezi kuziandika upya.

Codd aliona kwamba kosa liko kwenye kumlazimisha mwombaji ajue njia. Mwaka 1970, katika jarida la Communications of the ACM, akachapisha makala fupi iliyopendekeza kitu kilichoonekana chepesi mno. Taarifa zote ziwekwe kwenye majedwali. Kila mstari uwe jambo moja linalosemwa kuwa kweli: mwanafunzi fulani, somo fulani, alama fulani. Kila safu iwe na jina lake. Anayetaka kitu ataje anachokitaka kwa majina na thamani, na mashine yenyewe itafute njia. Nyuma ya wepesi huo kulikuwa na hisabati ya seti na mantiki, ile ile ambayo wengine tuliisomea mwaka wa kwanza tukijiuliza itatusaidia nini maishani.

Basi ukitenganisha anachojua mtumiaji na namna mashine inavyohifadhi, unapata uhuru wa kubadilisha. Unaweza kuongeza safu kesho, na maswali ya jana yakaendelea kujibiwa. Codd hakuwa anatafuta uzuri wa majedwali tu. Alikuwa anatafuta kanzidata inayoweza kukua bila kuvunja waliokwisha kuitegemea. Kila tunapoandika migresheni leo tunaishi ndani ya wazo hilo.

Mtu angedhani IBM walimbeba mabegani. Wapi! Kampuni ilikuwa inauza IMS, na hakuna muuza maandazi anayefurahi akiambiwa na mtoto wake mwenyewe kwamba maandazi yamepitwa na wakati. Wengine walisema hisabati yake ni ya vitabuni, haitaendesha mashine kwa kasi inayotakiwa. Mwaka 1974, huko Ann Arbor, Michigan, ulifanyika mjadala mkubwa kati ya upande wake na upande wa Charles Bachman, bingwa wa kanzidata za mtandao wa njia, aliyekuwa amepewa Tuzo ya Turing mwaka mmoja kabla. Codd hakurudi nyuma. Aliendelea kuandika, kufafanua na kujibu, makala baada ya makala.

Taratibu watu wakaanza kujaribu. Maabara ya San Jose ikajenga mfumo wa majaribio ulioitwa System R, na vijana wawili, Donald Chamberlin na Raymond Boyce, wakabuni lugha ya kuuliza maswali ambayo leo tunaiita SQL. Boyce alifariki mwaka uleule wa 1974, akiwa bado kijana kabisa. Chuo Kikuu cha California, Berkeley, nacho kikajenga mfumo wake, Ingres. Kampuni changa iliyokuja kuitwa Oracle ikasoma makala zilizochapishwa hadharani, ikaingiza bidhaa sokoni mwaka 1979, kabla ya IBM yenyewe, ambayo ilifuata miaka ya 1980. Mawazo yalitoka nyumba moja, faida ya kwanza ikavunwa na jirani.

Katika System R kuna kitu kidogo ambacho nilipokisoma nilikaa kimya muda. Watengenezaji walieleza mwaka 1976 kwamba mtumiaji anaweza kuongeza safu kwenye jedwali ambalo tayari lina mistari. Kuhusu mistari ya zamani, wao hawakuijaza sifuri. Walisema ichukuliwe kuwa haina thamani katika safu hiyo, mpaka mtu atakapokuja kuiandika. Yaani swali nililoulizwa saa tano usiku lilikwisha kujibiwa miaka karibu thelathini kabla sijazaliwa, na lilijibiwa vizuri kuliko nilivyolijibu mimi.

Codd alilishikilia jambo hili kwa nguvu. Kwake, jedwali lazima liwe na namna ya kusema kwamba jambo halijulikani, na namna hiyo isiwe sifuri, isiwe mstari wa nafasi, isiwe tarakimu yoyote ya kubuni. Waandishi wa programu tunaiita nali. Mwaka 1979 aliandika makala ndefu iliyogusa suala hili, na humo mantiki yake ikawa na majibu matatu badala ya mawili: kweli, si kweli, na haijulikani. Mwaka 1990, katika kitabu chake kikubwa, alikwenda mbali zaidi, akatenganisha aina mbili za kukosekana. Kuna thamani ambayo ipo au ingepaswa kuwepo ila hatuijui, na kuna thamani ambayo haimhusu mtu kabisa. Kwa lugha ya shule zetu: mwanafunzi ambaye karatasi yake imepotea, na mwanafunzi ambaye hasomi Fizikia. Wote wana nafasi tupu, lakini utupu wao si mmoja.

Si kila mtu alikubaliana naye. Chris Date, rafiki na mshirika wake wa kazi kwa miaka mingi, aliona kwamba nali inaleta matatizo mengi kuliko inavyotatua, na waliandikiana hadharani juu ya hilo. Lakini angalia walichokuwa wanabishania. Wote wawili walikuwa wanauliza ni njia ipi ya uaminifu ya kuandika kwamba hatujui.

Mwaka 1981 Codd alipewa Tuzo ya Turing, ambayo katika taaluma ya kompyuta haina ya kuizidi. Mwaka 1984 aliondoka IBM, akaanza na Date kampuni ya ushauri. Wakati huo soko lilikuwa limegeuka. Wale waliokuwa wakimpinga sasa walikuwa wakibandika neno la majedwali kwenye kila bidhaa, hata ambayo ndani yake ni njia zilezile za zamani. Kwa hiyo mwaka 1985 akatoa orodha yake maarufu ya kanuni kumi na mbili, ambazo kwa hakika ni kumi na tatu kwa sababu alianza kuhesabu na sifuri. Kanuni ya tatu ni ya nali: mfumo uzitunze taarifa zinazokosekana kwa utaratibu mmoja, tofauti na sifuri na tofauti na nafasi ya herufi. Kanuni ya tisa ndiyo mama wa migresheni: ukibadilisha majedwali kwa namna isiyopoteza taarifa, programu zinazoyatumia zisivunjike. Hata SQL yenyewe, lugha iliyozaliwa kutokana na wazo lake, aliikosoa hadi mwisho kwa kutofuata hisabati ipasavyo.

Alifariki tarehe 18 Aprili 2003, nyumbani kwake Florida, kwa ugonjwa wa moyo, akiwa na miaka 79. Wengi wetu mwaka wa tatu tulikuwa hatujazaliwa au tulikuwa mgongoni mwa mama. Mwaka uliofuata chama cha watafiti wa kanzidata kiliipa tuzo yake kuu ya ubunifu jina la Codd.

Sasa turudi kwenye migresheni, maana najua wapo wenzangu wanaojenga mifumo ya vikundi, ya vikoba, ya serikali ya wanafunzi, na wanaongeza safu kama mtu anayeongeza chumvi.

Migresheni ni faili dogo la maelekezo. Linasema ongeza safu hii, badilisha jina la ile, ondoa nyingine. Mafaili hupangwa kwa mfuatano, na fremuweki huweka jedwali lake dogo la kumbukumbu kujua lipi limekwisha kutekelezwa. Faida yake ni kwamba mabadiliko yote yanaandikwa. Mwenzako akichukua kazi yako, mashine yake itapita hatua zilezile ulizopita wewe, na miaka miwili baadaye mtu anaweza kusoma jedwali lilivyokua. Mwalimu wa taaluma aliyekata safu kwa wembe kwenye daftari lake hakuacha kumbukumbu ya aina hiyo.

Lakini migresheni haina huruma. Ukitaka kubadilisha jina la safu kutoka jina kuwa jina kamili, kuna tofauti kubwa kati ya kubadilisha jina na kufuta safu ya zamani kisha kutengeneza mpya. Njia ya kwanza inahifadhi kilichomo. Ya pili inakupa safu nzuri, mpya, isiyo na mtu. Django hujaribu kukuuliza ulikusudia ipi. Tatizo letu ni kujibu haraka. Vilevile wengi wanaamini kwamba kwa kuwa migresheni inaweza kurudishwa nyuma basi hakuna hasara. Si kweli. Ukifuta safu kisha ukarudi nyuma, safu itarudi, lakini alama zilizokuwamo hazirudi. Umerudishiwa kisanduku, si vitu vyake. Ndiyo maana nakala ya akiba huchukuliwa kabla ya kugusa chochote.

Na ukiongeza safu kwenye jedwali lenye watu, nenda hatua tatu. Kwanza iongeze ikiruhusu utupu. Pili jaza kile unachokijua kweli, mstari kwa mstari, kwa migresheni nyingine ya kujaza. Tatu, kama una hakika kila mstari una thamani yake, ndipo uikaze isikubali utupu tena. Kama huna hakika, iache wazi. Mfumo ukikuuliza tuweke nini, na wewe hujui, jibu sahihi ni kwamba hujui.

Mimi hatua hizo nilizijua baadaye. Jumatatu nilirudi shuleni nikaruhusu utupu kwenye safu ile, nikadhani kazi imekwisha. Kumbe ugumu ndio ulikuwa unaanza. Kwenye safu kulikuwa na sifuri za waliokosa jaribio, na pia kulikuwa na sifuri za wanafunzi wawili watatu waliokaa, wakafanya, wakapata sifuri kihalali kabisa. Kwenye kompyuta zote ni sifuri. Hakuna programu duniani inayoweza kuzitenganisha, kwa sababu nilichofuta si tarakimu. Nilifuta tofauti kati yao.

Ikabidi nimwendee mwalimu wa taaluma na kumweleza ukweli. Nilitegemea anifokee. Akavua miwani, akanyamaza kidogo, akafungua kabati, akatoa daftari la mahudhurio la Agosti. Lile lile daftari la mistari nililokuwa nikilicheka. Tukakaa alasiri nzima, yeye anasoma jina na tarehe, mimi nafuta sifuri na kuacha nafasi tupu. Kwenye daftari lake, aliyekosa aliwekewa alama yake ya kukosa, na aliyepata sifuri aliandikiwa sifuri. Alikuwa akitunza tofauti hiyo kwa kalamu kwa miaka yote, bila kumsikia Codd.

Tulipomaliza nikaiambia kanzidata ihesabu wastani upya. SQL ikikuta nafasi tupu katika kuhesabu wastani huiruka, haihesabu kama sifuri. Kijana akapanda kwenda alikostahili, na wengine kadhaa pamoja naye. Mkuu wa shule alilitangaza sahihisho paredi. Ripoti mpya niliomba niipeleke mwenyewe kwa bibi, nikapotea kwenye mwembe usiokuwepo kama nilivyosema, nikafika jua likiwa linazama.

Nilimweleza bibi kwamba kosa lilikuwa langu, si la mjukuu. Sijui alielewa kiasi gani cha habari za safu na kanzidata, na sikutaka kumchosha. Alichoniuliza ni kama jina la mjukuu limesomwa tena mbele za watu, safari hii kwa haki. Nikamjibu ndiyo, limesomwa. Akaingia ndani akatoka na korosho za kubangua kwenye kitambaa, akanipa za njiani.

Wenzangu tunaosomea ualimu, mifumo hii tutaikuta kila shule tutakayopangiwa, na mara nyingi atakayeambiwa aongeze safu ni wewe, kwa kuwa wewe ndiye kijana mwenye laptopu. Kabla hujajaza sifuri, uliza kwanza nani hakuwepo siku ile, na kwa nini.